Maziwa Hayangoji Basi

Majirani walimwita Mama Gia, maana pikapu yake ilikwaruza gia kabla ya kupanda kilima, na kijiji kizima kikajua maziwa yanaondoka. Kila asubuhi alizunguka zizi kwa zizi akikusanya maziwa ya wenzake, akayapeleka kiwandani mjini. Mgonjwa akiwepo, alikaa mbele. Godoro la bibi harusi likipanda, madumu yalisogezwa.

Mumewe, mwalimu mstaafu, ndiye aliyemshawishi aiuze. Kampuni ya usafiri ilikuwa imeahidi basi.

"Vigari vibovu vyote hivi, kila kimoja kinakohoa njia ileile," alisema. "Basi moja linatutosha, mke wangu."

Hoja ilikuwa nzuri, na pikapu ilikuwa imechoka. Ikauzwa.

Siku ya uzinduzi wakubwa walilisifu basi mpaka sauti zikawakauka, kisha kila mmoja akaingia kwenye gari lake. Mama Gia akasonya.

Mwanzoni basi lilifika kijijini. Mvua zilipoanza, likawa linageuza pale lami inapoishia, na watu wakamalizia safari kwa miguu, matope hadi magotini. Mama Gia akaazima punda wa jirani, akafikisha madumu kituoni. Kondakta akainama, akanusa, akakunja uso.

"Mama, hivi vitu vinanuka. Hili ni basi la abiria."

"Vinanuka maziwa, mwanangu. Kwani wewe ulinyonya nini?"

Abiria waliangua kicheko. Kondakta akagonga bodi, basi likaondoka. Mlangoni Mama Gia alikuwa ameona maganda yaliyooza chini ya viti, na matapishi yaliyokaukia kwenye ngazi. Eti maziwa ndiyo yanayonuka!

Alingoja lifti mpaka jua likayagandisha maziwa yote. Majirani hawakumlaumu, na hilo likamuuma zaidi.

Kesho yake alifunga dumu moja la yale yaliyochacha mgongoni kwa khanga, akalifunika vizuri. Kondakta akampisha: "Pole na mtoto, mama."

Alishukia kwenye ofisi ya meneja wa kampuni. Akaliweka dumu mezani, akafungua kifuniko.

"Toba! Nini hiki?" Meneja aliziba pua kwa tai yake.

"Ni kazi ya basi lako. Kwa nini halifiki kwetu?"

"Abiria wenu ni wachache, mama."

"Wachache kwa sababu halifiki!"

"Nalo halifiki kwa sababu ni wachache." Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kisha akamwita mlinzi aliondoe dumu.

Mama Gia aliondoka bila kuaga.

Kaka yake alikuwa na gari bovu nyuma ya nyumba, kuku wakilalia ndani. Mama Gia akampa mtamba mmoja, akalichukua. Fundi alihangaika na injini, yeye akakwangua kinyesi kwenye viti, akitema mate kila mara na kumlaani meneja kwa kila cheo alichokikumbuka.

Lilipowaka, mumewe alitandika gazeti kwenye kiti cha mbele, akakaa taratibu.

"Lakini basi lingefaa," alisema. "Lingekuwa basi kweli."

"Lingefaa," alijibu mkewe, akiondoa unyoya mdomoni. "Funga mlango, baba watoto. Maziwa yanachacha."