Barua Yangu ya Kusomea Mashine ya Moyo

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha upasuaji, katika hospitali moja ya huku Mpanda ambayo sitaitaja, Mganga Mfawidhi alinipangia kuchemsha vifaa. "Sista," aliniambia, "hapa tunafanya kazi, hatuulizi maswali." Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilitii.

Mwaka uliofuata mama mmoja Msukuma alimleta binti yake kutoka Usevya, midomo imekuwa ya bluu. Alikuwa na tundu kwenye moyo. Daktari bingwa aliyetutembelea alinieleza kwamba tundu lile huzibwa moyo ukiwa umesimamishwa, huku mashine ikipokea damu, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Mwendeshaji wake ni mtaalamu aliyesomea kazi hiyo tu. Sisi hatukuwa na mashine wala mtaalamu. Mtoto alirudishwa Usevya, na kabla mpunga haujavunwa tukasikia amezikwa.

Nikaapa nitaisomea. Tatizo, fizikia ya kidato cha nne nilikuwa nimeanguka, na mashine ile ni fizikia tupu: mgandamizo, joto, kasi ya damu. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, niliendesha baiskeli kutoka Kasokola kwenda kwa mwalimu wa sekondari mjini. Wanawake wenzangu walinicheka. Nikarudia mtihani, nikafaulu. Chuo cha nje kikanikubali na ufadhili juu, mradi mwajiri aridhie kabla ya mwisho wa Juni.

Nyie vijana mnajua utaratibu: barua haiendi juu bila kupita kwa mkubwa wako, na juu yake unaandika kabisa "Kupitia kwa". Nikaandika yangu ya kuomba ruhusa ya masomo, nikaipeleka kwa Mganga Mfawidhi.

"Iache, nitaisaini."

Nilipomkumbusha alikunja uso. "Sista, una haraka ya nini? Ukienda, nani atanishikia thieta?"

Juni ikaisha. Julai, matroni alipokuwa akitafuta fomu za likizo, aliikuta barua yangu kwenye droo ya bosi, haina hata alama ya kalamu. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Hadi leo nina hasira, na nyingine ni juu yangu mwenyewe. Ningeweza kupanda treni na nakala mkononi, nikaipeleka mwenyewe makao makuu ya mwajiri. Niliogopa kuitwa mtovu wa nidhamu! Heshima ni kitu chema, lakini msiitumie kujizika.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Yule mganga, naye mstaafu sasa, akashika kipaza sauti. "Mnamwona sista huyu? Miaka yote hakutukimbia hata siku moja!" Makofi yakalia. Nikasimama, nikamnyang'anya kile kipaza sauti.

"Sikukimbia kwa sababu uliikalia barua yangu, mzee."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakidhani ni utani. Yeye akaniinamia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Barua gani hiyo, sista?"