Maiki Tatu za Fundi Moja-Mbili

Kaka yangu mtaani hana jina. Ni Fundi Moja-Mbili, maana mwaka wa ishirini huu anakodisha mitambo ya sauti, na kabla ya harusi, msiba au mkutano ilikuwa lazima umsikie: "Moja, mbili. Moja, mbili." Ole wako uigonge maiki kwa kidole mbele yake! "Unambishia nani hodi?" alikuwa akikuuliza, na watu wanakucheka.

Mama alipopata uvimbe kooni, daktari alisema atapasuliwa Jumatatu, na akitoka pale hatazungumza tena. Akaonya kwamba hata sauti iliyobaki ni ndogo, aitumie kwa kubania. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. "Nirekodini niongee na mjukuu wangu," mama akasema. "Akikua anisikie." Hakuomba kingine.

Jumamosi asubuhi kaka akaingia chumbani kwa mama na maiki tatu.

"Si moja ingetosha?" nikamuuliza.

"Wewe unajua nini? Hii kazi hairudiwi."

Ya kwanza ilikuwa ya waimbaji, ile yenye kichwa cha mviringo. Hiyo inataka mdomo uiguse. Ukiisogeza shubiri moja tu, sauti inakonda. Mama aliishika, akaileta mdomoni, na pumzi zake zikapiga ndani kama upepo. Kaka akaivika soksi kuuzuia. Mama akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Ya pili ilikuwa ya waandishi wa habari, ya shingo ndefu, inayosikia pande zote. Ikasikia na randa ya seremala wa nyumba ya pili. Ya tatu haikuwa mbaya, ila swichi yake ilikwaruza.

"Hesabu, mama."

Mama anahesabu. Kaka anarekodi, anasikiliza, anakunja uso, anafuta, anaanza upya. Mafundi wa sauti ndivyo walivyo: rekodi ya jaribio haitunzwi, wanasema inawachanganya masikio. Akatoka kumbembeleza seremala apumzike kidogo. Akarudi kwenye ile ya waimbaji. "Sauti ya hii ina joto. Ya ile ni kavu. Hesabu tena, mama."

"Mchagua jembe si mkulima!" nikamfokea. "Chukua yoyote!"

"Dakika mbili tu, dada."

Saa sita mchana akatabasamu. Ameipata: ile ya waandishi, dirisha limefungwa, maiki chini ya kidevu, na mkono wake mwenyewe ndio unaoishika. "Haya mama, ongea na mjukuu wako."

Mama akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Tukampa maji ya uvuguvugu, tukangoja mpaka jioni, tukangoja na Jumapili nzima. Pumzi tu.

Jumatatu wakampasua. Aliishi miezi kumi na mmoja zaidi. Alikuwa akimpakata mwanangu na kumchezeshea midomo, mtoto anamkodolea macho, hasikii kitu. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu alizaliwa akayakuta majuto yameshafika.

Sijamsamehe kaka. Nampikia, namsalimia, lakini sijamsamehe, na anajua. Siku hizi akimaliza kufunga mitambo hahesabu tena. Anaigonga maiki kwa kidole, mara tatu, kisha anakwenda kukaa nyuma ya spika. Vijana wanaodhani amezeeka wanamtania.

Tulipomzika mama, kaka aliniletea kadi yenye kipande kimoja cha sauti alichosahau kukifuta. Sekunde kumi na tisa. Akaniwekea mezani, akaondoka bila kunywa hata maji. Mwanangu ana miaka minne sasa, nami bado sijathubutu kumsikilizisha.

Ni sauti ya mama, imechoka, lakini ni yake: "Moja, mbili. Baba, maiki zote ni sauti yangu hiyo hiyo. Niache niongee na mtoto."

Halafu anasikika kaka, safi kabisa, bila mkwaruzo wowote: "Subiri, mama. Kidogo tu."