Jina la Mbele na Breki za Chini

Mama yangu alivunjika mkono kwenye mteremko wa kwenda Msangano, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwaka wa pili kazini, na baiskeli ile ilikuwa mpya, ya miezi miwili. Nilimpakia nyuma akamsalimie dada yake. Katikati ya mteremko nikabana breki, nikasikia "ka!" Chuma kinachoshika raba ya breki ya gurudumu la mbele kilikatika. Breki ya nyuma peke yake haikufua dafu. Tulianguka, tukabingirika mpaka kwenye mawe.

Mama hakulia. Aliketi vumbini, mkono ameushika kwa mkono, akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema hii ni ya Waingereza?"

Baada ya kumfikisha kwa mwunga mifupa, niliikokota baiskeli mpaka Chapwa kwa shemeji yangu, mume wa dada, aliyekuwa ametengeneza baiskeli miaka mingi ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba. Alikigeuza kile chuma mkononi, akakifuta kwa kitambaa.

"Shemeji, umesoma hapa?"

Nikasoma. Lilikuwa jina nisilolijua. Akanionyesha cheni: jina jingine. Pedali: jingine tena. Jina nililolinunua mimi lilikuwa kwenye fremu tu, na kwenye ile nembo ya shaba pale mbele.

"Kwa hiyo wameniibia!"

"Tulia. Hakuna kiwanda kinachotengeneza kila kitu. Cheni hii imetoka kwa watu ambao kazi yao ni cheni tu, nzuri kuliko ambayo wenye fremu wangejitengenezea. Hapo sina ugomvi nao. Lakini baiskeli ina bei yake, na wakitaka ibaki bei hiyo, lazima wabanie mahali. Wewe dukani ulitazama nini?"

Nilitazama rangi. Nilitazama nembo. Nilipiga kengele mara tatu.

"Basi," akasema. "Wamebania pale usipotazama."

Kesho yake niliikokota baiskeli hadi dukani Tunduma, nilikoinunua. Duka lilijaa watu waliotoka kuuza kahawa. Nilikiweka kile chuma juu ya meza, mbele ya mwenye duka.

"Soma jina hilo, bwana."

"Silijui, mwalimu."

"Hata mimi silijui. Limemvunja mama yangu mkono."

Akasema barabara zetu ni mbaya. Akasema baiskeli haikutengenezwa kupakia watu wawili. Nilimwuliza kwa nini basi kaifungia kiti cha nyuma na kukisifia, na sauti yangu ikapanda mpaka watu wakaacha kuchagua vitambaa. Mzee mmoja wa Mbozi akainama, akaanza kusoma maandishi kwenye breki za baiskeli aliyokuwa anataka kununua. Mwenye duka aliona hayo. Akanishika bega, akanivuta uani.

Kulikuwa na baiskeli nyingine ya jina lilelile, rangi ileile, ya shehena iliyotangulia. Breki zake zilikuwa nene, za kiwanda kingine. Nembo ileile mbele! Akamwita fundi wake, naye akazifungua zote mbili, akazifunga kwenye baiskeli yangu. Nilizibana, nikaisukuma baiskeli kwa nguvu zangu zote, haikusogea.

Ndipo nikamwona fundi akitoa kwenye sanduku breki nyembamba, ndugu wa ile iliyokatika, akizifunga kwenye ile baiskeli ya uani.

"Hiyo utamwuzia nani?" nikauliza.

"Mwalimu, yako imepona. Nenda kamwangalie mama."

Nilipaswa kurudi dukani na kuwaambia watu. Koo lilikuwa tayari limekauka kwa kupiga kelele, breki zangu zilikuwa nzuri, nami nikapanda nikaondoka. Mkono wa mama uliunga ukiwa umepinda. Hakupanda tena baiskeli ya mtu yeyote. Wiki mbili baadaye nilipita pale nikachungulia uani. Ile baiskeli haikuwepo.

Kiwanda nimekilaani mara nyingi, na mwenye duka pia. Lakini wao hawakuwahi kumwona mama yangu pale vumbini. Mimi nilimwona, nikajua breki zile hufanya nini, na nikanyamaza. Hasira hiyo sijapata wa kumpelekea.