Jepkosgei na Barabara ya Malindi

Bahari ilimchosha Jepkosgei kabla hajaiona. Tangu mumewe, Micah Kimaiyo, arudi kutoka vita vya Burma, hakuna mgeni aliyekunywa chai kwao Bondeni, mjini Nakuru, bila kunyweshwa na bahari juu yake. Kimaiyo angeweka kikombe chini, apanue mikono, aanze: maji yalivyokuwa ya buluu, minazi ilivyoinama, barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malindi ilivyoambaa na ufuo mwanzo hadi mwisho, upepo ukikupiga shavu la kulia njia nzima. Miaka ilipita, na bahari ikazidi kukua. Alipokuwa ametoka jeshini, samaki wake walikuwa wakubwa kama mbuzi. Kufikia mwaka wa hamsini na tisa, walikuwa mafahali.

Jioni moja wageni walipoondoka, Jepkosgei alikuwa akikusanya vikombe. Alikuwa ameshinda kwenye cherehani akishona mapazia ya memsabu mmoja, mzungu wa Milimani, na mgongo ulimuuma. Akauliza, bila nia yoyote mbaya, "Baba Cheptanui, hiyo barabara ya Malindi uliipita lini?"

Kimaiyo akakohoa. "Kuipita haswa, sikuipita. Sisi tulishushwa kwenye treni Kilindini, tukapandishwa meli. Lakini Dalmas aliniambia kila kitu."

Dalmas alikuwa pamoja naye vitani, na siku hizi alifanya kazi bandarini Mombasa.

"Kwa hivyo miaka yote hii," Jepkosgei akasema polepole, "unanitembeza kwenye barabara ya Dalmas?"

"Ni barabara ya kweli!"

"Basi nipeleke nikaione. Pikapu unayo. Mimi na wewe, Mombasa, halafu Malindi kwa hiyo barabara. Kama haipo, usiitaje tena katika nyumba hii."

Kimaiyo alikuwa dereva wa lori la kinu cha unga, na pikapu yake kuukuu ya kijani aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Hakuwa na pa kukimbilia. Wakakubaliana kwenda Agosti, kinu kikifungwa ili mashine zisafishwe.

Kosa lilikuwa moja tu: Kimaiyo aliwaambia watu.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa jirani yao Mama Wangare, muuza viazi sokoni. Dada yake aliishi Changamwe, na hawakuwa wameonana tangu Hali ya Hatari itangazwe. Mkikuyu hakusafiri bila kibali siku zile, na kibali hakikupatikana kwa kumkumbuka dada yako. Sasa mambo yalikuwa yameanza kulegea. "Nitakaa nyuma," alisema. "Mimi na gunia la viazi. Hamtajua kama nipo." Jepkosgei alimtazama, akashindwa kusema hapana. Ni nani angeweza?

Lakini Zeddy je? Huyu alikuwa mdogo wake Kimaiyo, karani, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye alijitangaza kuwa mjuzi wa njia. Alikuja na kipande cha mkaa, akachora Pwani nzima juu ya kitambaa cha meza cha Jepkosgei, kitambaa cheupe alichokitarizi kwa mkono wake. Ulipofuata mchoro wa Zeddy, ulifika Malindi kwanza, kisha Mombasa.

"Shemeji," Jepkosgei akasema, "wewe umewahi kufika huko?"

"Kufika si lazima, shemeji. Ni kujua dira."

Baada ya Zeddy akaja Mzee Kosgei, mzee wa kanisa, mwenye magoti mabovu. Alikuwa amesikia kwamba maji ya chumvi huponya magoti. Tena safari ndefu namna ile ilihitaji maombi, na aliyatoa yeye mwenyewe pale pale, akipita kwenye kila mto kati ya Nakuru na Mombasa, akimkumbusha Mungu simba wa Tsavo mmoja mmoja. Chai ikapoa. Jepkosgei akafumbua jicho moja na kuona nzi akiogelea kwenye kikombe cha mgeni.

Ikawa kila Jumapili baada ya ibada kuna mkutano nyumbani kwake. Waliojadili bahari walikuwa wanaume, na aliyechemsha maziwa alikuwa yeye. Walibishana kama ndovu hupishwa kwa kuzima injini au kwa kupiga honi. Walibishana mahali pa kulala, kwa sababu hoteli za Malindi zilikuwa za wazungu, na Zeddy akadai kwamba akivaa tai watapokelewa. Kila wiki safari ilizidi kuwa ndefu na nafasi ndani ya pikapu ikazidi kuwa ndogo. Mwishowe Mzee Kosgei akakata shauri la viti. Mbele atakaa dereva. Karibu naye Zeddy, wa kuonyesha njia. Mlangoni yeye mwenyewe, kwa ajili ya magoti.

"Mama Cheptanui atakaa nyuma na Mama Wangare," akamalizia kwa upole, "waendelee na hadithi zao."

Jepkosgei akaweka birika mezani kwa kishindo hata kifuniko kikaruka. Alitoka nje, akaenda kusimama kando ya pikapu, akalipiga teke gurudumu lake. Gurudumu halikuwa na hatia, lakini lilikuwa karibu.

Ilikuwa imebaki wiki mbili na kitu Kimaiyo alipoamua kuipasha pikapu moto. Asubuhi ilikuwa ya baridi ya Julai, ukungu umeshuka kutoka mlima Menengai, na injini ilikataa. Akachomeka hendeli ya kuwashia mbele ya injini, akazungusha. Ikakohoa. Akazungusha tena kwa hasira, kidole gumba amekizungushia mpini, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza makuli wake kila siku. Injini ikapiga teke kinyume. Jepkosgei alisikia mlio kama wa ukuni unaovunjwa, halafu akasikia mumewe akimwita mama yake.

Hospitalini alifungwa plasta kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Jumapili hiyo watu walikaa kana kwamba kuna msiba.

"Mungu amesema," akatamka Mzee Kosgei.

"Mwaka ujao," akasema Zeddy, ambaye hakujua kuendesha hata baiskeli.

"Agosti hii," Jepkosgei akasema kutoka mlango wa jikoni. "Nitaendesha mimi."

Kimaiyo akatazama plasta yake. Alijua jambo ambalo hakuwasimulia wageni hata mara moja: kwamba wakati yeye yuko Burma, huko Ndabibi kwenye shamba alikozaliwa Jepkosgei, wanaume walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, na mke wa mzungu mwenye shamba alimpandisha msichana huyo kwenye trekta. Kutoka trekta akapewa lori la maziwa. Alilipeleka mpaka lango la shamba na kulirudisha, masika na kiangazi, matope hadi kwenye ekseli, mpaka vita vikaisha, wanaume wakarudi, naye akaambiwa ashuke.

"Trekta si gari," Kimaiyo akasema, kwa sauti ndogo.

"Kweli. Gari ni rahisi."

Ila leseni hakuwa nayo, na kuipata kulimaanisha kufunzwa na Kimaiyo. Wiki ile nusura ndoa yao ivunjike kabla ya plasta kuvunjwa. Alimfunza kwa makelele. "Klachi! Klachi, mama! Unaichinja hiyo gia!" Kwenye mteremko wa Milimani alikanyaga sakafu ya gari kwa miguu yote miwili kana kwamba ana breki zake, na kila walipopita baiskeli alifumba macho. Jepkosgei alikaza meno. Siku ya tatu alisimamisha pikapu katikati ya barabara, akazima injini, akakunja mikono.

"Nini tena?" Kimaiyo akauliza.

"Nangoja umalize."

Nyuma yao mkokoteni wa ng'ombe ukasimama, halafu lori la magunia. Honi ikalia. Jepkosgei hakutikisika. Kimaiyo alipoacha kusema, mkewe aliwasha injini, wakarudi nyumbani bila kelele yoyote isipokuwa ya injini.

Mtihani wa kwanza alianguka. Alipokata kona karibu na stesheni alisahau kutoa mkono nje kuashiria, na afisa aliyemtahini alimrudisha papo hapo. Alilia kwa hasira, usoni amejifunika mapazia ya memsabu, kisha akayapiga pasi upya. Mara ya pili walishika barabara ya Lanet, na mkono wake alikuwa akiutoa nje hata pasipo na kona. Afisa huyo alimwambia apunguze, lakini leseni akampa.

Habari zilienea mtaani, na hapo ndipo mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuitazamia. Zeddy alifika akizungusha kofia mikononi. Kazini wamembana, alisema, na isitoshe njia yenyewe imenyooka, hawatapotea. Mzee Kosgei alimtuma mtu aje kueleza kwamba magoti yanaendelea vizuri sana. Jepkosgei alitamani kucheka, lakini kitu kilimchoma. Walikuwa tayari kuliwa na simba wote wa Tsavo wakiendeshwa na Kimaiyo. Kuendeshwa na yeye hawakuwa tayari.

Akaenda kwa Mama Wangare kumsikiliza naye. Alimkuta akichagua viazi.

"Na wewe unaogopa?"

Mama Wangare hakuinua kichwa. "Mwaka wa hamsini na tatu nilipakiwa kwenye lori la serikali, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda. Wewe umeniuliza. Tunaondoka saa ngapi?"

Waliondoka alfajiri, wote watatu kwenye kiti cha mbele, viazi nyuma. Njia ya kutoka Nairobi kwenda chini ilikuwa vumbi tupu, na walifika Mombasa wekundu kama matofali, baada ya rejeta kuchemka mara kadhaa na Kimaiyo kusema "nilikwambia" mara nyingi zaidi. Ndovu waliwaona kwa mbali sana, na hakuna aliyekumbuka uamuzi ulikuwa kuzima injini au kupiga honi. Huko Changamwe, Mama Wangare aliteremka kabla gari halijasimama vizuri. Dada yake alitoka mlangoni na unga mikononi. Hawakusalimiana kwa maneno. Jepkosgei alishusha gunia peke yake na kuwaacha.

Dalmas aliwapokea kwa shangwe na wali wa samaki. Walipokwisha kula, Jepkosgei akamwomba awaeleze vizuri njia ya Malindi, mahali pa petroli na mahali pa kuvuka maji.

Dalmas akajikuna kisogo. "Kusema kweli, mama, mimi mwenyewe sijafika. Kuna utingo mmoja wa lori aliyekuwa akinisimulia."

Jepkosgei akamgeukia mumewe. Kimaiyo alikuwa amepata mwiba wa samaki wa kuchunguza kwa makini.

Basi asubuhi akaenda mwenyewe penye malori, akawauliza madereva waliokuwa wakipakia. Walimcheka kidogo, halafu wakamweleza vizuri: daraja linaloelea, pantoni ya kuvushia magari, mchanga wa kuangalia, na duka la mwisho lenye petroli. Aliyashika kichwani. Siku hiyo hiyo wakaondoka, yeye na Kimaiyo tu.

Na bahari haikuonekana! Kulikuwa na katani, safu baada ya safu, mpaka macho yakauma. Kulikuwa na mikorosho. Kulikuwa na msitu. Upepo ulipiga mashavu yote mawili na ulikuwa wa vumbi. "Baba Cheptanui," alikuwa akiuliza kila mara, "bahari iko wapi?" na Kimaiyo alikuwa akinyoosha mkono wake wa plasta kuelekea kulia na kusema, "Iko huko." Huko Kilifi waliona maji hatimaye, ila ulikuwa mkono wa bahari tu, na ilimbidi ateremshe pikapu kwenye mbao za pantoni huku watu wote wa foleni wakimtazama. Aliiteremsha. Mabega yalikuwa yamelowa jasho, lakini aliiteremsha taratibu, na Kimaiyo, kwa mara ya kwanza tangu Nakuru, hakukanyaga sakafu.

Walifika Malindi jua likiwa bado juu. Barabara ikaishia kwenye mchanga, na mbele yake yakawa maji, mengi kuliko ziwa lolote alilolijua, yakipumua. Jepkosgei alivua viatu. Alipogeuka, Kimaiyo alikuwa bado amekaa ndani ya pikapu.

"Nimekuendesha mpaka huku, na hutaki kushuka?" Alikuwa tayari kugomba. Kisha akaona uso wake.

"Tulipanda meli pamoja na vijana wawili wa kwetu," Kimaiyo akasema. "Kiprono na mwenzake. Kiprono alikufa kabla hatujashuka. Wakamtupa humo. Sikujua la kumwambia mama yake, nikawa nasema habari za minazi."

Jepkosgei akarudi, akapanda, akafunga mlango. Walikaa vile, vioo viko chini. Alifikiria kumuuliza jina la yule mwenzake, akaona aache, atalisema mwenyewe siku akitaka. Kisha alishuka, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mlango, maana mkono wa plasta haukuweza.

"Njoo," akasema. "Shika bega langu, mchanga huu unateleza."