Kitenge cha Mke wa Mtemi

Jumanne nililetewa mfuko kutoka sokoni Mwigobero, Musoma mjini, na kabla sijaufungua nilishajua kilichomo. Kitenge kipya kina harufu yake: wanga, rangi, na ule ukavu wa kitu ambacho hakijaguswa na maji. Wengine wakikinusa wanawaza harusi. Mimi nasikia dagaa. Nimekaa nacho mapajani, nyumbani niko peke yangu, basi acha niwaambie ninyi jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Tulikuwa darasa la sita, kijijini Murangi, miaka ile ambayo dukani kulikuwa na mizani na muuza duka tu. Mama yangu alikuwa na gauni moja la kanisani. Akilifua Jumamosi ilibidi jua liwe kali, la sivyo Jumapili Mungu angemkosa. Mtu akifa, sanda iliombewa kibali. Katika ukata huo Mwalimu Magesa akaja na mchezo wa kuigiza. Alisema ni hadithi ya kale ya Wazungu aliyoisoma chuoni, akaigeuza ya kitemi: mwanamke anamchochea mumewe amuue kaka yake mwenyewe, aliye mtemi, ili achukue kiti cha utemi, wanakipata, halafu kiti kinawashinda.

Niliitaka nafasi ya yule mke hadi chakula kikawa hakipiti. Mwalimu akampa Nyangeta, rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Mimi akaniweka akiba. "Wewe una sauti, mwenzako ana macho," alisema, kana kwamba hiyo ni faraja.

Sasa, mama yake Nyangeta alikuwa akipeleka dagaa Mwigobero. Nyumbani kwake, chini ya magunia ya dagaa, alificha vitenge vya magendo vilivyovushwa ziwa kutoka Kenya. Nilijua kwa sababu Nyangeta alinionyesha siku moja. Tulivishika, tukavinusa, tukavirudisha. Kilikuwemo kimoja cha zambarau chenye majogoo ya njano ambacho sijaona mfano wake hadi leo. Akaniapisha kwa Biblia ya bibi yake, nami nikaapa.

Baba yangu mdogo, Mafuru, alikuwa mgambo. Jioni moja nilimpelekea ugali, nikasimama mlangoni badala ya kuondoka.

"Una nini wewe?" akaniuliza.

"Kwa Mama Nyangeta," nikasema, "chini ya dagaa kuna vitenge."

Akanawa mikono, akala kwanza. Hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba alikula akamaliza. Nilifikiri watavichukua tu, Nyangeta ataona aibu, atakosa mazoezi siku mbili tatu, basi. Kesho yake mama yake alipandishwa lori kwenda mahabusu Musoma. Nyangeta akabaki nyumbani na wadogo zake watatu. Ijumaa Mwalimu Magesa akanipa karatasi za mke wa mtemi. Mstari wa mwisho nilishaujua kwa moyo: "Nilitaka kukaa hapa. Sasa nashindwa kuinuka."

Bado ningeweza kusema. Kila asubuhi nilitoka nyumbani maneno nimeshayapanga, nikifika kwao namkuta anatwanga na mdogo wake mgongoni, ananiuliza mazoezi yameendaje. Namwambia yameenda vizuri.

Siku ya mchezo walikuja wageni kutoka wilayani. Katibu kata hakutaka tuonekane ombaomba, akatoa kitenge kimoja katika mali iliyokamatwa ili mke wa mtemi apendeze. Kilikuwa kile cha zambarau, chenye majogoo. Nilikabidhiwa nyuma ya pazia letu la magunia. Kila nikikifunga kinaanguka. Ndipo Nyangeta akaingia, mtoto mgongoni, amekuja kunitazama. Akakiona. Akashika pindo, akalinusa.

"Kinanuka kwetu," akasema.

Nikasubiri. Akapiga magoti, akanizungushia kiunoni. "Usikaze hapo. Mama anafungaga mara mbili, halafu anakunja kwa ndani. Hakitafunguka."

Hakikufunguka. Nilikaa kwenye kile kiti nimebanwa, harufu ya dagaa inanipanda puani, na Nyangeta amekaa chini mbele kabisa, midomo yake ikisema maneno yangu kabla yangu, maana aliyajua yote. Nilipofika mstari wa mwisho nililia kweli, kamasi zikanitoka, na miguu ikakataa kuinuka. Makofi yakapigwa uwanja mzima. Mgeni mmoja alisema hajawahi kuona mtoto anaigiza hivyo, akanizawadia mche wa sabuni, na miaka ile sabuni haikuwa zawadi ya mchezo. Niliogea miezi miwili, na sikuwahi kuifurahia.

Mama Nyangeta alirudi baada ya miezi mitatu, amekonda, anakohoa. Tulipokutana njiani akanishika shavu. "Nasikia ulicheza vizuri, mwanangu. Ningekuwepo ningekuja kukuona."

Miaka ikapita, ruksa ya kuuza bidhaa za nje ikaja, vitenge vikatundikwa Mwigobero mchana kweupe na baba mdogo Mafuru akawa mmoja wa wanunuzi. Mama Nyangeta aliviuza hadi nguvu zikamwisha, akafa bado ananiita mwanangu. Biashara akairithi Nyangeta.

Mwalimu Magesa alitufundisha kwamba mke wa mtemi anateswa na hofu ya kujulikana. Nikamwamini. Nilikua nikingoja mtu aje anishike mkono aseme, ni wewe. Imenichukua mvi kuelewa kwamba hakuna aliyekuwa akinitafuta. Nyangeta alikuwa ananipenda tu, na hapo ndipo nilipofungiwa: kadiri anavyozidi kunipenda, ndivyo lile neno linavyozidi kukwama kooni.

Jumamosi anamwoza binti yake wa mwisho. Hiki nilichonacho mapajani ni sare ya marafiki wa mama wa bibi harusi. Ndani ya mfuko ameweka kikaratasi, kwa mwandiko ule ule wa dawati letu: "Usikipeleke kwa fundi. Nitakuja asubuhi nikufunge mwenyewe, wewe hujuagi."