Bango la Magodoro

Nimewahi kufanya kazi na wajinga wengi, lakini mjinga niliyemdharau kwa moyo wote alikuwa mmoja, naye alivaa tai katikati ya joto la Kyela.

Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, kila mwenye duka akitaka kitu ambacho jirani yake hana. Bosi wangu, mzee Mwislamu mwenye asili ya Tanga aliyeuza mabati na misumari, alinunua kompyuta tatu akazifunga kwenye chumba cha nyuma cha duka. Mimi, binti niliyetoka kusomea kompyuta Mbeya, nikaajiriwa kuziangalia. Nikatengeneza tovuti ndogo: bei ya mchele, bei ya kwacha ya Malawi pale mpakani Kasumulu, na siku za meli kuondoka bandari ya Itungi. Ratiba ya meli ilikuwa ikibadilika ovyo, hivyo karani wa bandarini alinipigia simu kila ilipobadilika, nami nikairekebisha siku hiyohiyo. Tovuti haikuwa na urembo wowote, lakini ilifunguka upesi hata kwa laini zetu mbovu za simu, na watu walikuwa wakiisoma hadi Mbeya.

Kisha akaja mkwe wa mzee kutoka Dar es Salaam. Alijiita mtaalamu wa matangazo. Alizunguka mjini siku mbili, akarudi na tangazo la muuza magodoro na la nyumba ya wageni, halafu akaketi nyuma yangu kunifundisha vipimo. Bango la juu liwe la nukta mia saba ishirini na nane kwa tisini. Pembeni kuwe na tangazo refu la kusimama. Na kabla ya yote, mgeni akifungua ukurasa, picha ya godoro ijaze kioo kizima, iwakewake, kisha ndiyo apewe nafasi ya kuifunga. Vipimo hivyo alivitamka kama mtu anayesoma dua. Nilimwambia picha zile ni nzito mno kwa laini zetu. Akatabasamu.

"Dada, tangazo dogo ni la mtu mdogo," alisema.

Wiki hiyo akaingia mama mmoja wa Kasumulu, aliyenunua mchele Busale na kuuvusha Malawi kwa ndugu za mumewe. Alitaka tangazo. Mkwe akamwonyesha bango lake kubwa. Mama aliliangalia, akasema yeye anataka kimraba tu, kiandikwe jina la soko na namba ya simu, kikae hapohapo chini ya bei ya mchele.

"Anayesoma bei ya mchele ndiye ninayemtaka mimi," alieleza. "Anayetafuta godoro wa nini kwangu?"

Mkwe akacheka, akaniambia mbele yake kwamba wateja wa vijijini wana kazi. Yule mama akanigeukia mimi, akasema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, kwa upole wote, kama anayeshukuru kwa chakula ambacho hakupewa, akaondoka.

Nami nilifanya nini? Niliweka godoro. Nililijaribu kwenye kompyuta zetu, nikakaa nikiangalia ukurasa ukijivuta mstari kwa mstari, nikajua kabisa kwamba haufai. Nikauacha vilevile. Nilitaka mshahara.

Baada ya majuma kadhaa aliingia mwalimu kutoka Mbeya, begi mkononi. Baba yake alikuwa mgonjwa sana huko Manda, kusini ziwani. Alieleza kwamba siku mbili nyuma alilipia nusu saa ya intaneti mjini Mbeya ili aangalie siku ya meli, lakini muda wake wote uliishia kwenye picha ya godoro. Akaamua kufuata siku ya kawaida. Meli ilikuwa imeondoka jana yake.

Mkwe alikuwepo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akarekebisha tai.

"Angesubiri kidogo ingefunguka," aliniambia, kana kwamba mwalimu hayupo.

Mwalimu alimgeukia mzee. Aliuliza njia ya barabara, ya kuzunguka Njombe na Ludewa kwa malori. Mzee mwenyewe alimpeleka stendi. Aliporudi alinikuta nimeshayaondoa mabango yote. Godoro nilikuwa nimelipunguza likawa kimraba, kando ya kile cha nyumba ya wageni. Mkwe alinilalamikia kwa mzee. Mzee alimjibu kwamba chumba kile kina fundi, na fundi ni mimi. Mkwe akarudi Dar es Salaam akisema Kyela bado hawajawa tayari.

Nilimpigia mama wa Kasumulu nikampa nafasi yake chini ya bei ya mchele. Watu wa Mbeya walianza kumtafuta kabla ya mwezi kwisha. Muuza magodoro naye alisema sasa ndiyo anaulizwa. Mzee aliwaeleza wateja wote kwamba wazo la vimraba lilikuwa lake, na sikujisumbua kumkanusha.

Mwalimu alirudi kwa meli. Huko Manda alikuta baba yake ameshazikwa. Alipita dukani kuandikia shule yake ujumbe, na kabla ya kuandika alifungua ukurasa wetu.

"Sasa inafunguka," alisema.

Nilimpa pole, akaipokea kwa heshima, akaanza kuandika. Nilitamani anitukane.