Otilia Hana Picha

Coleta hakuwahi kukaa akatulia. Hata umpe kigoda, atakalia ukingo tu, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kwa hiyo tulipomwajiri kutunza bustani ya kuwaenzi akina mama hapa Sumbawanga, afagie, amwagilie maua, afunge geti, nilijua kutakuwa na kazi. Sikujua kazi itaniangukia mimi.

Naitwa Debora, mwandishi wa kamati ya bustani hiyo. Tulipanga mawe tisa, kila jiwe na jina la mwanamke aliyewatendea watu wa huku jambo: mkunga, mwalimu, sista aliyeanzisha zahanati. Mwezi wa pili, tukiwa bado tunakusanya majina, Coleta aliingia ofisini na jembe begani.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Andika Otilia."

"Otilia nani?"

"Otilia wa Mpui. Marehemu."

Alinieleza huku akizunguka meza hadi nikashikwa na kizunguzungu. Yeye mwenyewe alifiwa na mumewe akiwa na miaka ishirini na minne, watoto watatu mgongoni na miguuni, mvua zinaelekea kwisha na shamba halijaguswa. Asubuhi moja Otilia, ambaye hata undugu hawakuwa nao, akatokea na wanawake kumi na mmoja. Walilima shamba lote, wakala ugali waliokuja nao, wakaondoka. Otilia alifanya hivyo kila mwaka. Alianza na mashamba ya wajane na ya waliojifungua, lake akalimalizia mwisho.

"Una picha yake? Au cheti, au barua ya kijiji?"

Sharti hilo nililiandika mimi mwenyewe, na nikilikumbuka naona aibu. Otilia hakupigwa picha maishani mwake, na cheti cha kuwalimia wajane hakuna anayekitoa. Mwenyekiti wetu, mzee Zenon, aliyekuwa ameketi pembeni, alipiga mstari juu ya jina. Coleta akautazama ule mstari, akachukua jembe lake, akatoka bila kuaga.

Halafu mradi ukalala. Mkandarasi akaondoka, geti likafungwa, ufunguo ukabaki kwa Coleta. Nyuma ya mawe palikuwa na kipande kilichotengwa kwa ukoka, na mwezi wa tatu kilikuwa kimejaa majani marefu. Mwanamke wa Ufipa hawezi kuona majani ya mwezi wa tatu akayapita. Coleta aliyakusanya, akayafukia chini ya matuta ya mviringo, yale tunayoyaita intumba, juu yake akapanda maharage. Yalikuwa matuta kumi na mawili. Nilipoyahesabu kupitia uzio, nilielewa mara moja: Otilia na wenzake kumi na mmoja. Nikaenda zangu.

Mwezi wa kumi na moja mradi uliamka, na mzee Zenon akafungua geti.

"Mama Coleta! Umegeuza bustani shamba? Bomoa haya yote, sawazisha, mwaga mbegu za ukoka. Januari tunazindua. Nikikuta hata tuta moja, kazi huna."

Nilisubiri ugomvi. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

"Sawa, baba," alisema Coleta, haraka mno. Jioni ile ile alianza kubomoa.

Siku ya uzinduzi kipande kile kilikuwa kijani kibichi kutoka ukingo hadi ukingo. Mgeni rasmi alisifu ukoka, mzee Zenon akavimba kichwa. Mimi nikainama kufunga kiatu, nikaona si ukoka, ni ulezi. Nimekulia Kaengesa, nimepalilia ulezi tangu darasa la pili. Jani lake changa mtu wa mjini ataliita nyasi, lakini mimi simo. Mzee Zenon ni mtoto wa duka, jembe amelijua kwa kuliuza. Angejuaje kwamba mvua zikianza, matuta hubomolewa na kusawazishwa, na kwenye udongo ule wenye majani yaliyooza ndipo ulezi hupandwa? Alimwamuru Coleta afanye hasa alichokuwa anakingoja.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilipita bustanini asubuhi, nikapita tena mchana, naangalia urefu, namwombea Coleta, namkasirikia Coleta. Yeye alipalilia akiimba.

Mwezi wa tano masuke yalijikunja na kuwa mekundu. Siri ikaisha. Siku hiyo ilikuwa ya soko, na wanawake waliotoka vijijini walikuwa wamesimama uzioni wakishangaa, vikapu kichwani, mzee Zenon alipofika na fyekeo.

"Ulezi wa nani huu?"

"Wa Otilia," alisema Coleta.

"Otilia nani?"

Coleta alifungua mdomo, lakini sauti ilitoka uzioni, ya bibi mmoja mwenye kitenge cha bluu.

"Otilia wa Mpui. Alinilimia nikiwa na mtoto wa siku nne."

"Na mimi," akasema mwingine. "Mwaka niliofiwa."

"Mama yangu alikuwa akilima naye," akasema wa tatu, akatua kikapu chini.

Mzee Zenon alishusha fyekeo, akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshatoa daftari. Nikaandika Otilia wa Mpui, jiwe la kumi, na chini yake majina ya wote waliokuwa wanasema. Sikumwuliza mtu picha.

Coleta hakungoja kuona nilichoandika. Alikuwa ameshainama, kisu mkononi, anavuna.